Namba Si Maksi: Mafunzo Niliyopata Nikisoma Njoro na Kisukari

Kila mwaka wanafunzi wapya wanaposhuka matatu penye geti la Chuo Kikuu cha Egerton, godoro begani na sanduku mkononi, miongoni mwao huwamo mmoja au wawili waliobeba chupa ndogo ya insulini chini ya sweta. Mwaka 2005 nilikuwa mmoja wao. Niligundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka mmoja kabla, baada ya kutibiwa homa ya matumbo ambayo sikuwa nayo, huku nikizidi kukonda na kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi.

Kisukari hiki si kile cha mjomba aliyefika miaka hamsini akaambiwa apunguze kitambi. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na zikishaisha zimeisha. Hukukipata kwa kula peremende. Hutakiondoa kwa kuacha peremende. Utajidunga kila siku, na katikati ya kujidunga utahudhuria mihadhara, utafanya mitihani, utapenda, utaachwa, utapata digrii. Sina shaka nayo hiyo digrii, tena nadhani unataka iliyo nzuri kuliko yangu. Basi nikusimulie yale yaliyonichukua miaka kuyajua, huenda wewe yakakuchukua wiki.

1. Daftari likiwa safi mno, kuna uongo

Kliniki niliyohudhuria ilikuwa Nakuru mjini, na kila mgonjwa alipewa kijitabu cha kuandika vipimo vyake vya sukari (kwa mmol/L): asubuhi, mchana, jioni. Changu nilikijaza ndani ya matatu. Kufikia stage ya Nakuru nilikuwa nimemaliza mwezi mzima. Nilikuwa mwanafunzi hodari, najua mwalimu anapenda kuona nini: 5.8, 6.4, 7.1, kisha natupia 9.2 moja mahali fulani ili mambo yaonekane ya kweli.

Muuguzi mmoja wa makamo alikifungua, akapekua kurasa polepole, akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, daftari lako halina hata tone moja la damu."

Nilidhani ananisifu kwa usafi. Akavuta kitabu kingine kutoka kwenye rundo, akafunika jina la mwenyewe kwa kidole gumba, akanionyesha ukurasa. Ulikuwa na madoa ya kahawia kila pembe, kalamu tatu za rangi tofauti, alama ya mafuta ya chapati, na namba za ajabu: 3.1, 16.8, 12, 4.4. "Huyu ndiye anayejipima," akasema. Kisha akatoa majibu ya maabara ya HbA1c, kile kipimo kinachosoma sukari iliyojinata kwenye chembe nyekundu za damu na kueleza habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Watu wazima wengi hulenga chini ya asilimia 7. Yangu ilikuwa imepita 11. Damu yangu ilikuwa imenisema mimi mwenyewe.

Nilingoja kugombezwa. Hilo ndilo lililonishangaza: hakunigombeza. Alisema tu kwamba akiona 17 anajua pa kuanzia, lakini akiona uongo hana dawa ya kuandika.

Fikiria tulivyolelewa. Tangu darasa la kwanza mtoto wa Kenya alipangwa kwa maksi: wa kwanza alisimama mbele apigiwe makofi, wa mwisho alitafuta pa kuficha uso. Mtu wa namna hiyo akipewa mashine inayotoa namba, ataisoma kama ripoti ya muhula. Mimi nilikuwa nikipata 14 najiona nimeanguka, na kwa kuwa sikupenda kuanguka, niliacha kujipima siku nilizojua nimekula vibaya. Yaani nilijipima siku ambazo sikuhitaji sana, nikaacha siku ambazo nilihitaji zaidi. Jaribu kutafuta akili katika hilo. Namba hiyo inauliza swali: ulikula nini, ulidunga ngapi, ulitembea, ulilala, una homa? Lijibu swali hilo, usilionee haya.

2. Sukari haimo ndani ya sukari peke yake

Muhula wa kwanza nilikuwa maarufu katika kibanda kimoja cha Njokerio, mtaa ulio karibu na chuo, kwa kunywa chai isiyo na sukari. Nilijivunia. Nilikuwa nakishika kikombe kwa namna ya mtu anayejinyima kwa ajili ya taifa. Kisha nikiwa na kikombe hicho cha ushujaa nakula chapati tatu na madondo, na wiki ikiwa nzuri naongeza viazi. Saa mbili baadaye mashine ilisoma 19. Nililaumu mashine. Nilitoa betri, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha, nikapima tena. Ikasoma 19 na nukta kidogo.

Hakuna aliyekuwa amenieleza nikaelewa kwamba wanga wa chapati huishia kuwa sukari ile ile ndani ya damu, na chapati moja nene ina wanga mwingi kuliko vijiko vile viwili vya sukari nilivyovikwepa kwenye chai. Na Njoro chapati haikwepeki. Hapa ndipo mlowezi Delamere alipohangaika na ngano mwanzoni mwa karne iliyopita, kutu ya ngano ikimmalizia mashamba, na kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kimekuwapo tangu 1927. Unakuja kuishi katika mji wa unga.

Usiache chapati, basi. Ijue. Nilichofanya baadaye ni kula chakula kimoja, cha kiasi kimoja, kwa siku chache, nikijipima kabla ya kula na saa mbili baada yake, halafu nabadilisha kitu kimoja tu. Ndivyo nilivyogundua kwamba githeri yenye maharagwe mengi hupandisha sukari yangu taratibu, ugali wa kiasi cha ngumi yangu naumudu, na viazi vya kukaanga hunidanganya: saa mbili baadaye viko shwari, saa nne baadaye vimeniruka. Mafuta huchelewesha mambo. Mwili wako huenda ukajibu tofauti, kwa hiyo kanuni yangu isiwe yako.

Siku nilipomwambia mama wa kibanda, "Mama, leo niwekee chapati moja, lakini madondo na sukuma zijae," aliniangalia kwa huruma akainama sikioni. "Mwanangu, pesa zimeisha? Kula, utalipa mkopo wa HELB ukitoka." Nikamweleza. Tangu siku hiyo alinipakulia bila kuuliza, na mara nyingi alikuwa sahihi kuliko mimi.

3. Baridi ni rafiki mwenye masharti

Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai utazitambua hizo mita moja moja. Saa kumi na mbili asubuhi vidole vimekuwa vya mtu mwingine. Unachoma, damu haitoki. Unaminya, linatoka tone dogo la kejeli. Stripu ya kupimia inakataa, na stripu si bure. Shika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili, au nawa kwa maji ya uvuguvugu. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati ambako kuna maumivu na ndiko unakobonyezea simu. Na unawe kweli. Niliwahi kujidunga dozi kubwa kwa sababu ya 15 iliyotokana na embe kwenye kidole, wala si damu.

Upande wa insulini, baridi hiyo ni neema, maana chumba changu hakikuwa na friji na chupa niliyokuwa natumia ilikaa salama mezani, mbali na dirisha. Chupa iliyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne. Tena utafiti uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ukachapishwa 2021, ulifuatilia hali halisi ya joto katika nyumba za wakimbizi kule Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37, na ukaona insulini iliyokaa katika joto kama hilo wiki nne bado ina nguvu sawa na iliyokaa kwenye ubaridi. Kama Dadaab inawezekana, Njoro usilie.

Adui wa insulini hapa ni barafu. Chupa zangu za akiba niliziomba zikae katika friji ya duka moja, na mwenye duka, kwa wema wake, akazipa nafasi ya heshima: juu kabisa, zikigusana na barafu. Ziliganda, zikayeyuka, zikaonekana vile vile kwa macho. Nilizidunga siku kadhaa nikishangaa sukari inapanda ngazi bila kupumzika. Insulini iliyoganda hutupwa, hata kama imekugharimu nauli ya mwezi. Ikikaa kwenye friji, iwe mlangoni au rafu ya kati, ndani ya kikopo chenye jina lako.

4. Beba soda kabla ya kubeba kalamu

Kuna mtihani wa mwaka wa pili ambao karatasi yake niliiona tena baadaye, kwa hisani ya mhadhiri aliyeniita ofisini akiwa na wasiwasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mtu anayejua mambo ya udongo. Ukurasa wa pili herufi zilianza kutelemka. Wa tatu nilikuwa nimeandika "mbolea mbolea ya mbolea" karibu nusu ukurasa, kwa kujiamini kabisa, na mwisho nikapiga mstari chini kana kwamba nimetoa hoja nzito. Sukari ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimejidunga asubuhi, nikaogopa kuchelewa, nikaacha chai.

Watu hutarajia kutetemeka na kutoka jasho. Hayo huja, lakini kwangu akili hutangulia kuondoka, na akili ikiondoka haikuagi. Ndiyo sababu usingojee uhisi. Jipime kabla ya kuingia ukumbini. Chini ya 4, usiingie. Pata gramu 15 hivi za sukari ya haraka: nusu ya soda ya chupa ya mililita 300, au vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikirudi, kula kitu kitakachoishikilia, mkate au ndizi. Chokoleti haifai kwa dharura, mafuta yake huichelewesha. Na soda isiwe ile isiyo na sukari; nimeona mtu akiletewa hiyo kwa upendo mkubwa.

Nenda kwa msimamizi wa mtihani mapema, wiki moja kabla ikiwezekana, ukiwa na barua ya daktari, umwambie utakuwa na glukosi na mashine mezani. Niliogopa mazungumzo hayo mwaka mzima. Nilipoyafanya hatimaye yalichukua muda mfupi kuliko foleni ya chakula. Alisoma barua, akaniuliza kama shangazi yake naye anaweza kuja kuongea na mimi.

5. Waambie wachache, waambie la kufanya

Bwenini nilificha kila kitu. Sindano zilizotumika nilizitia kwenye karatasi, nikazitupa pipani usiku. Mfagizi akaziona. Kufikia jioni bweni zima lilijua kuna mtu anayejidunga dawa za kulevya, na mwenzangu wa chumba, mtu wa maombi, alikuwa amenikalia kitandani na Biblia tayari. Kueleza ukweli katika hali hiyo ni kazi ngumu kuliko kuueleza mapema. Zaidi ya aibu yangu, yule mfagizi angeweza kuchomwa. Weka sindano kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipeleke hospitali.

Mkimaliza kuambiana, jiandae: kila Mkenya ni daktari. Utaletewa mizizi, mwarobaini, juisi ya bamia, na namba ya simu ya mchungaji. Pokea kwa adabu, shukuru, usiache insulini hata siku moja. Kabla ya Januari 1922, pale Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipodungwa insulini kule Toronto, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa wa kusubiri kufa, na mizizi ilikuwapo duniani kote. Ukiacha sindano, mwili huchoma mafuta ovyo na kujaza asidi kwenye damu. Kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kina, pumzi yenye harufu ya matunda: hayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Hata ukiwa na homa na huli, insulini haisimami; kiasi chake ndicho unachomuuliza daktari.

Mwenzangu wa chumba ndiye alikuja kuwa mlinzi wangu bora. Huruma haikunisaidia sana. Nilichohitaji ni maagizo, nikampa manne tu kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Nikiongea upuuzi, nipe soda. Nikikataa, nipe soda. Nikizimia, usinimiminie kitu kinywani, nilaze ubavu. Kisha tafuta gari.

Alilalamika kwamba agizo la kwanza lingemfilisi.

6. Jembe na chupa hudai usiku

Tulikuwa na masomo ya vitendo shambani. Ukilima asubuhi, misuli huendelea kuvuta sukari mpaka usiku, hata siku ya pili, kwa hiyo sukari nzuri ya saa mbili usiku inaweza kuwa mbaya saa tisa. Siku za jembe, za mpira, au za kutembea mpaka Njoro mjini kwa sababu nauli imekwisha, jipime kabla ya kulala na ule kidogo.

Pombe hufanya vile vile kwa njia nyingine: ini likishughulika nayo, linasahau kutoa sukari ya akiba. Na aliyeshuka sukari huku ananukia bia, rafiki zake watamfunika blanketi alale. Sihubiri. Ukinywa, kula kwanza, na pawepo mmoja anayejua.

7. Akiba isikae mahali pamoja

Januari 2008 nilikuwa bado nimepanga chumba Njoro, chuo kikiwa hakijafunguliwa kwa sababu ya vurugu zilizofuata uchaguzi. Niliona kubaki ni busara kuliko kusafiri. Nilikuwa na chupa moja, iliyobaki robo. Vijiji vya kuelekea Mau vilikuwa vinaungua, usiku tuliona mwanga wake, na barabara ya Nakuru ilikuwa na vizuizi ambako jibu la swali "wewe ni wa wapi" lilikuwa na uzito. Nilianza kupunguza dozi. Nilikula kidogo ili nidunge kidogo, nikaandika hesabu ukutani kwa penseli.

Sikuwa nimewaza kamwe kwamba dawa inaweza kuwapo kilomita ishirini hivi kutoka kwangu na isifikike. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuwa wa kabila langu, ndiye aliyenipatia nafasi katika lori lililosindikizwa na polisi. Nakuru, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo ambako waliohamishwa walikuwa wamepiga kambi, nilikuta foleni ya wagonjwa wa sukari na presha, wengi wazee, waliotoka majumbani mwao na nguo za mwilini tu. Mzee mmoja alikuwa amekimbia na karatasi yake ya kliniki ndani ya kofia. Alihudumiwa haraka kuliko sisi tuliokuwa tunajieleza kwa maneno. Na hata Nakuru hakukudumu shwari. Mwishoni mwa mwezi huo mji wenyewe uliwaka, ukawekewa kafyu.

Tuombe yasijirudie. Lakini vyuo hufungwa kwa mgomo ukapewa saa chache kuondoka, mvua hukata barabara, duka la dawa huambiwa mzigo haujafika. Kwa hiyo mimi hugawa: chupa moja naitumia, moja iko nyumbani, moja iko kwa dada yangu Nakuru, kwenye mlango wa friji, na zote naziandikia tarehe ya kuisha kwa kalamu isiyofutika. Picha ya karatasi ya kliniki iko kwenye simu yangu na ya dada. Begi dogo la sindano, stripu na glukosi hukaa karibu na mlango, na kila mwisho wa mwezi nalikagua, maana mpwa wangu ameshajua glukosi ina ladha ya machungwa.